Dakika Tatu Mbele ya Kamati

Nimeondoka usiku, maili mia mbili na kumi,
barabara nyeupe, mbingu nyeupe,
mabua ya mahindi yakichomoza thelujini
kama ndevu za mtu aliyeghairi kunyoa.
Kwenye kiti cha abiria nimelifunga mkanda
sanduku la karatasi: saini elfu nne na ushei
kutoka kaunti themanini na tisa za Nebraska.
Nne zimenishinda. Katika moja mbwa alinikatalia getini;
sikuwa na lugha yake.

"Jimbo hili, Darlene, lililimwa kwa Kiingereza,"
aliniambia msimamizi wa shule fulani huko magharibi.
Pesa za mwalimu wa lugha hakuna, akasema,
na nyuma yake mafundi walikuwa wakipiga msasa
sakafu mpya ya mpira wa kikapu.
Sikumjibu. Nilitoka, nikasimama nyuma ya gari lake,
nikasoma kibao cha namba:
jina la jimbo, neno la Waoto,
maji yaliyolala bapa.
Kila siku analibeba mgongoni mwa gari
na hajawahi kuuliza.

Lakini Verlin Oltmanns alitia saini
juu ya boneti ya pikapu, glavu kaishika kwa meno,
kisha akaitema ili aseme:
"Soya yangu inaliwa Osaka.
Miaka thelathini nawalisha watu
nisiojua kuwaambia karibuni mezani."
Na Wanda Pospisil, muuguzi wa zamu ya usiku,
alitia saini bila kuketi:
"Mama mmoja alinionyesha kifua. Nikamletea maji."
Hakuendelea. Nami sikudadisi.

Nina dakika tatu. Taa ya kijani, ya manjano, nyekundu,
kana kwamba maneno nayo ni magari.
Nilikuwa nimeandika takwimu. Nikazifudikiza.
Nikasema: Waheshimiwa, nafundisha Kihispania
mwaka wa ishirini na sita huu, na nina deni.
Mvulana aitwaye Tomás Xiloj, wa kutoka Guatemala,
nilimpa alama ya chini, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu:
mvivu, hata lugha ya kwao!
Lugha ya kwao ni Kikiche.
Kihispania alikuwa akijifunza kama wenzake,
Kiingereza akakirundika juu yake,
na jioni, kwenye kiwanda cha nyama, akimkalimania babake
maneno ya visu na mikataba.
Mvivu. Neno hilo nililiandika kwa lugha
ninayoijua vizuri kabisa.

Manjano.
Nikaomba mswada upite: mwalimu mmoja wa lugha
kwa kila shule, hata ile yenye watoto arobaini
na upepo. Nikaomba na ramani mpya;
zetu bado zina nchi zilizokwisha kufa.
Nyekundu.
Seneta mmoja alikuwa akimenya chungwa.
"Asante, Bi. Hruska. Anayefuata."

Kwenye korido, mwenyekiti wa kamati, Delbert Kucera,
mzee wa sauti ya trekta, alinifuata hadi kwenye bomba la maji.
Akatazama huku na huku kama mtu anayetaka kukopa.
"Nikiwa na homa, bibi aliniita brouchku.
Yeye mwenyewe alichapwa shuleni kwa maneno kama hayo,
basi hakutufundisha. Likamponyoka hilo tu.
Wewe jina lako la Kicheki. Maana yake nini?"

Jina langu, niliambiwa, ni tunda.
Tunda gani, baba hakujua.

"Sijui, mheshimiwa," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Hakucheka. Hakuahidi kura.
Alitoa kalamu, nikatoa risiti ya maegesho,
tukaegemea ukuta, watu wazima wawili,
tukibishana neno lile linaandikwaje.